Jiwe Lililoteremka na Mama

Hadithi hii nilisimuliwa kwanza na Bibi Naetwe, mama mkwe wa dada yangu, siku tulipokuwa tunachambua maharage uani kwake. Nilimwuliza kwa nini kinoo chake kinametameta hivyo. Akasema kinametameta kwa sababu ya ulanga uliomo ndani yake, na kwamba huko milimani alikozaliwa jiwe la namna hiyo lilikuwa likirithiwa kama ng'ombe. Kisha akaniambia niweke ungo chini, kwa kuwa mtu hawezi kuchambua maharage na kuamua kesi kwa wakati mmoja. Ninaiandika kama alivyoisema. Pale alipotumia maneno makali nimeyapunguza kidogo.

Hapo zamani, kabla bati halijapanda mlimani, kulikuwa na kijiji kikiitwa Vuandu. Watu wa Vuandu hawakuwa na mbao za kutosha, hawakuwa na chuma cha kutosha, na akili ya kutosha walikuwa nayo siku moja moja tu. Lakini mawe walikuwa nayo.

Halikuwa jiwe la kawaida. Lilikuwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokaliwa. Wazee walisema kwamba mwanzoni lilikuwa tope, tope hili hili la kuchezea watoto. Mlima ukaja ukalikalia. Ukalikalia miaka isiyohesabika bila kuinuka hata kujinyoosha, mpaka kwa uzito na joto la makalio yake tope likabanwa, likalala, likawa jiwe lenye kurasa.

Jiwe hilo ukilipiga kwa juu, linakucheka. Nyundo itarudi, mkono utauma, jiwe litabaki. Lakini ukilitafuta ubavuni, ukapata mstari wake, ukachomeka kabari ya mti mkavu na kuimwagia maji, ule mti hunywa, hunenepa, na jiwe hufunguka polepole kama daftari. Utapata mabapa mawili, kila moja pana kama lile la mwanzo, ila jembamba zaidi.

Basi watu wa Vuandu walilitumia kwa kila kitu. Waliezekea nyumba, na mvua haikupita. Walifunikia mitungi, na maji yakabaki baridi. Walinolea visu. Watoto waliandika juu yake kwa mkaa, wakafuta kwa kiwiko, wakaandika tena. Walitengeneza milango, na ukitaka kutoka haraka uliita watu wanne. Walitengeneza hata kofia. Bwana harusi mmoja alivaa kofia ya jiwe siku ya harusi ili wakwe waone nguvu za shingo yake. Mke alipewa, lakini hakumwona uso mpaka mwezi wa pili, kwa kuwa shingo ilikataa kuinuka.

Katika mawe yote, lililoheshimiwa zaidi lilikuwa jiwe la moto. Kila nyumba ilikuwa na bapa moja kubwa uani, refu kama mtu aliyelala, lililoegemezwa kwenye mawe madogo ili moto upate nafasi chini yake. Juu ya bapa hilo walioka mikate ya mtama, wakakaanga mbegu za maboga, wakaweka chungu. Na jiwe la moto halikuchongwa jipya. Lilitoka kwa mama. Mama akizeeka, mkono ukishindwa kusonga ugali, alitangaza siku ya kukabidhi moto. Siku hiyo jiwe lake lilipasuliwa tabaka kwa tabaka, na kila mtoto alipata lake. Mkubwa alipata tabaka la juu, lililokwisha kuzoea mafuta. Wa pili alipata linalofuata, na kuendelea chini.

Asiyepata tabaka hakuruhusiwa kuwasha moto wa kupikia maisha yake yote. Alikula kwa ndugu yake, tena alikula mwisho, wakishashiba wenye nyumba, watoto wao, wageni wao, na yule mgeni aliyekuwa anapita tu.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Nakijwa. Jiwe lake lilipoanza, enzi za bibi wa bibi yake, lilikuwa na kimo cha ndama. Likapasuliwa kwa watoto wawili, likapasuliwa kwa watoto watatu, likapasuliwa tena kwa watoto wawili. Lilipomfikia Nakijwa lilikuwa na unene wa vidole vinne. Na kila mtu wa Vuandu alijua kwamba tabaka likiwa jembamba kuliko vidole viwili, moto hulivunja siku ya kwanza.

Vidole vinne ni matabaka mawili. Nakijwa alikuwa na watoto watatu.

Mkubwa aliitwa Sekiete. Huyu alikuwa mtu mnene, mpole, na kazi aliyoipenda ni usingizi. Alilala akisubiri chakula, alilala akikila, na aliwahi kulala akiwa anamkimbiza kuku.

Wa pili aliitwa Namsifu, mwanamke mjane mwenye mtoto wa miezi mitano mgongoni. Namsifu alikuwa na masikio. Akilipiga jiwe kwa kifundo cha kidole alijua ndani limekaaje. Jiwe zima hulia "ngee". Jiwe lililofunguka hulia "kwa".

Wa mwisho aliitwa Mbonea, kijana wa kuoa, mwenye mikono ya ustadi. Alichonga kwa mkono wa kushoto, na kila alichochonga kiliinama kidogo upande huo.

Siku moja Nakijwa alianza kusonga ugali, mwiko ukamshinda katikati ya chungu. Akauacha umesimama humo humo. Akawaita wanawe.

"Wanangu," akasema, "mkono wangu umekwisha. Siku ya nne kuanzia leo nakabidhi moto. Sekiete tabaka la juu, Namsifu tabaka la chini."

"Na mimi, mama?" akauliza Mbonea.

"Wewe utakula kwa kaka yako."

"Kwa kaka Sekiete? Mama, kaka huyu akishika sahani hailali na kitu ndani!"

"Mdogo wangu," akasema Sekiete kwa upole, "nitakuachia mifupa."

"Ya kuku?"

"Ya samaki."

Mbonea akaondoka. Alikuwa na mchumba ng'ambo ya kijito, na ni msichana gani angekubali mwanamume asiye na moto?

Kesho yake mchana, mama alipokwenda kuzungumza kwa jirani, Mbonea akaingia uani kwake na kabari mbili za mti mkavu. Alitaka kulifungua jiwe kimyakimya kabla ya siku ya nne, aondoke na tabaka la chini, kisha aseme jiwe lilikuwa na vidole viwili tangu awali na watu hawakuhesabu vizuri. Huo ndio uliokuwa mpango wake. Bibi Naetwe alisema wapumbavu wote hupanga vizuri mpaka mahali pa kubeba.

Alizunguka jiwe. Mstari mzuri ulikuwa nyuma, upande wa mlimani, lakini mbele yake palikuwa na jiwe dogo la kuegemeza, lililolibana lile kubwa lisiteremke. Akaliondoa. Akachomeka kabari ya kulia, ikakaa sawasawa kwenye mstari. Akachomeka ya kushoto, ikainama, ikatoka nje ya mstari. Akaziloweka kwa maji. Sasa lile jiwe dogo likakataa kurudi mahali pake, kwa kuwa vichwa vya kabari vilikuwa vimetokeza. Mbonea akafikiri. Akaenda shambani, akachimba kiazi kikuu kikubwa, akakichonga kikafuata umbo la kabari, akakipaka majivu, akakiweka kuegemeza jiwe la mama yake.

Kwa mbali kilifanana na jiwe. Kwa karibu kilifanana na kiazi kikuu kilichopakwa majivu.

Siku ya tatu Namsifu alikwenda kuoka mkate. Aligonga jiwe kwa kidole kama ilivyokuwa desturi yake. "Kwa." Akagonga tena. "Kwa." Akazunguka nyuma, akainama, akaona kiazi, akaona vichwa vya kabari, akaona vimeinama kushoto. Akajua mkono wa nani.

Angeweza kusema. Lakini alifikiri: nikisema leo, watamchapa mdogo wangu kijiji kizima na mchumba wake atasikia. Kisha akafikiri tena: na nisiposema, siku ya nne ataumbuka mwenyewe mbele ya watu. Mawazo hayo mawili yalikuwa moyoni mwake kwa pamoja, na hata yeye hakujua lipi lilikuwa kubwa. Akasema tu:

"Mama, jiwe limelegea nyuma. Linahitaji jiwe la kuegemeza."

Nakijwa akamwita Sekiete. "Mwanangu, teremka gengeni ukaniletee jiwe la kuegemeza. Leo hii."

"Nimekwenda, mama."

Na kweli alikwenda. Chini kabisa ya mteremko, hatua chache kabla ya genge lenye poromoko refu, palikuwa na benchi ya jiwe: bapa refu lililolazwa juu ya mawe mawili, mijusi wakipita chini yake. Sekiete alipata jiwe zuri la kuegemeza, duara, la kadiri. Akalibeba mpaka kwenye benchi. Akakaa apumzike. Akaliweka jiwe kichwani aone kama linafaa kuwa mto. Lilifaa. Alilala siku ya tatu jua likiwa utosini, akaendelea mpaka siku ya nne asubuhi.

Siku ya nne ikafika.

Jiwe la tabaka hushika joto. Moto ukizimwa jioni, asubuhi bado lina uvuguvugu. Ndiyo maana kila asubuhi Nakijwa, mwenye mgongo mbovu, alikaa juu ya jiwe lake la moto na chungu kidogo cha uji mapajani na mwiko mkononi, akaupasha mgongo joto kabla ya kuanza siku. Asubuhi hiyo pia alikaa. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya jana.

Mbuzi wake akaja nyuma ya jiwe. Akanusa kiazi. Akalamba majivu. Akala kiazi.

Jiwe likasema "kwa", likaanza kuteremka.

Mnajua ulanga ukilowa unavyoteleza. Jiwe lile halikubiringika, halikupinduka. Liliteremka taratibu kama mtu mwenye miadi. Nakijwa juu yake ameketi wima, chungu mapajani, kanga begani, hajui ainuke au amalizie uji. Mgongo haukumruhusu kuruka. Akateremka.

Akapita katikati ya uwanja wa jirani yake, Mama Mchome, aliyekuwa anaanika mahindi.

"Nakijwa! Unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Siendi, napelekwa!"

"Utarudi lini?"

"Muulize mbuzi!"

Jiwe likaongeza mwendo. Likapita mbele ya nyumba ya Mzee Kilave, mpasuaji wa mawe wa kijiji, aliyekuwa ananoa patasi zake kwa ajili ya kazi ya siku hiyo.

"Shikamoo, Mzee Kilave!"

"Marahaba, Nakijwa! Usikawie, leo ni siku ya kukabidhi moto, jiwe nitalipasua mchana!"

"Ndilo hili!"

"Nimeliona! Lirudishe!"

Jiwe likaongeza mwendo tena. Sasa mbele yake ilikuwa benchi, na nyuma ya benchi lilikuwa genge, na chini ya genge hakuna aliyewahi kurudi kueleza.

Namsifu alikuwa anatoka kisimani. Aliona mama yake anapita. Akatupa mtungi, akakimbia, mtoto mgongoni anarukaruka na kucheka, akidhani ni mchezo. Akakimbia nyuma ya jiwe lakini hakulifikia. Aliona kabari mbili zimetokeza nyuma, zimenenepa kwa maji ya siku mbili na mvua ya jana. Mstari ulikuwa umekwisha kufunguka kiasi cha ukucha. Akasikiliza. Akaelewa.

Kabari ya kushoto ikipigwa, jiwe zima lingevunjika ovyo na mama angeteremka gengeni na vipande. Ya kulia ikipigwa, jiwe lingefunguka matabaka mawili. La chini lingekwenda na mteremko. La juu lingebaki huru, na kitu chochote kingeweza kulizuia.

Lakini tabaka la chini lilikuwa lake. Lingekwenda gengeni, lingekuwa vigae, na yeye na mtoto wake wangekula mwisho nyumbani kwa Sekiete mpaka kufa. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yameanza kupungua.

Hapo Namsifu alikimbia hatua tatu bila kusema neno. Bibi Naetwe alinihesabia hatua hizo kwa vidole, na kila kidole alikikunja polepole.

Hatua ya nne akapiga kelele: "Mama! Nyuma yako! Kabari ya kulia, igonge! Ya kulia, mama, ya kushoto iache!"

"Kabari imefikaje hapa?"

"Gonga kwanza, uliza baadaye!"

Nakijwa akageuka, akainama kwa mgongo ule ule mbovu, akaikung'uta kabari ya kulia kwa mwiko kuelekea kwake, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mara ya kwanza, "kwa". Mara ya pili, "kwa". Mara ya tatu jiwe likafunguka na sauti kama ya mlango wa zamani.

Wakati huo huo likafika kwenye benchi.

Tabaka la chini likapita chini ya benchi, pale pa kupitia mijusi, likatoka upande wa pili, likaruka gengeni. Lilisikika baadaye sana. Tabaka la juu likapanda kidogo, likagonga benchi na makalio ya Sekiete kwa pamoja. Benchi ikataka kupinduka. Lakini juu yake kulikuwa na Sekiete, na juu ya Sekiete kulikuwa na miaka mingi ya ugali. Haikupinduka. Jiwe likasimama. Mama akasimama nalo. Uji haukumwagika.

Sekiete akafumbua jicho moja.

"Nani amenipiga?"

"Ni mimi, mama yako."

"Nimekosa nini, mama?"

Kijiji kizima kikateremka. Walimshangilia mama, wakamshangilia Sekiete, wakamkamata mbuzi. Mzee Kilave akapiga magoti, akapima tabaka lililobaki kwa vidole vyake vinene. Akapima mbele, akapima nyuma.

"Vidole viwili," akasema. "Hapa hapapasuki tena. Ni tabaka moja, la mtu mmoja."

Watu walikuwa wanamhukumu mbuzi wakati Mbonea alipofika, anahema. Akatazama genge. Akamtazama mama yake. Angeweza kunyamaza, maana mbuzi hasemi. Akasema:

"Mwacheni mbuzi. Kabari ni zangu. Na kiazi ni changu."

Watu wakamwachia mbuzi. Mama Mchome akamgeukia Mbonea.

"Kiazi? Uliegemeza jiwe la mama yako kwa kiazi?"

"Kilikuwa kikubwa," akasema Mbonea.

Mzee Kilave akakaa kwenye benchi, kando ya Sekiete. "Basi," akasema, "jiwe ni moja na watoto ni watatu. Semeni."

Sekiete akasema kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa alikuwa bado amelala pale pale.

"Mimi sioni kesi. Tabaka la juu lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, mama alisema mbele yetu sote. Aliyepoteza lake ni Namsifu, langu hili hapa. Tena nani alilizuia? Ni mimi. Benchi tupu ingepinduka. Bila mwili wangu mama hangekuwa hapa."

"Ulikuwa umelala!" akasema Mbonea.

"Nimelala, lakini nilikuwepo. Wewe uliyekuwa macho ulikuwa wapi?"

"Na hilo jiwe ulilolalia kichwani ni la nini, kaka?" akauliza Namsifu.

Sekiete akaligeukia lile jiwe la kuegemeza, akalitazama kama anakutana nalo kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa naleta," akasema.

"Ungelileta jana, mama angekunywa uji wake uani."

"Angelileta jana," akasema Mbonea haraka, "tungekosa cha kumzuia mama leo!"

"Jana angeegemeza, leo pasingekuwa na wa kuzuiwa!" akafoka Mama Mchome. "Mnanichanganya kichwa!"

Namsifu akasema wa pili. Hakupaza sauti.

"Mimi nilikuwa na tabaka langu. Nililitupa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilijua linakwenda wapi, na nilijua nani atakayekosa kula. Kaka ametoa makalio, nayo anayo bado. Mbonea ametoa kiazi. Mimi nimetoa moto wangu na wa mtoto huyu. Bila sikio langu mama angegonga kabari ya kushoto, na sasa tungekuwa tunaokota."

"Dada," akasema Mbonea, "wewe uliziona kabari zangu lini?"

Namsifu akamkaza mtoto mgongoni.

"Niambie. Ulijuaje kuna ya kulia na ya kushoto kabla hata hujafika karibu?"

"Jana," akasema Namsifu.

"Jana! Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakufichia aibu."

"Au ulikuwa unaisubiri," akasema Mama Mchome.

Mbonea akasema wa tatu.

"Mimi sikatai. Niliiba, au nilikuwa naelekea kuiba. Niadhibiwe. Lakini hesabuni vizuri. Jiwe bila kabari lisingefunguka. Lingefika kwenye benchi likiwa zima, zito mara mbili, na lingepita na benchi, na kaka, na mama, na uji. Siku mbili kabari zangu zimekunywa maji. Ningekuwa mtoto mwema, leo mngekuwa matangani. Tena nimesema mwenyewe. Mngempiga mbuzi mpaka kesho."

"Bila wewe lisingeteleza!" akasema Sekiete.

"Bila mimi lisingefunguka!"

"Bila kuteleza la nini kufunguka?"

Wakabishana hivyo mpaka jua likapanda. Mtu mmoja akasema lipigiwe kura. Mwingine akasema apewe mbuzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyefanya kazi yake bila nia mbaya. Mzee Kilave akawatuliza kwa mkono. Kisha akamgeukia Nakijwa, aliyekuwa bado ameketi juu ya jiwe, hajashuka.

"Nakijwa, jiwe ni lako. Sema wewe."

Nakijwa akawatazama wanawe mmoja mmoja. Akamtazama Sekiete, akamtazama Namsifu na mtoto aliyeanza kulia mgongoni mwake, akamtazama Mbonea.

"Wote watatu nusura waniue," akasema, "na wote watatu wameniokoa. Mmoja kwa usingizi, mmoja kwa kunyamaza, mmoja kwa kiazi. Mimi ni mama yao wote, mkinilazimisha nitaje mmoja nitataja watatu. Nyie mlio nje ya tumbo langu ndio mtakaoona vizuri. Ila mkono wangu umekwisha kweli, na leo hakuna atakayepika mpaka jiwe hili lipate mwenyewe. Sishuki. Amueni."

Akachukua mwiko, akakwangua kilichobaki chunguni.

Nilimwuliza Bibi Naetwe kwa nini wasingepika pamoja, wote watatu kwenye jiwe moja, wakala kwa wakati mmoja. Aliniambia nisimvurugie hadithi. Alisema mtu wa Vuandu aliyependekeza jambo hilo alitazamwa kama aliyependekeza kuvaa mlango. Nikamwuliza basi watu waliamua vipi. Akachukua ungo wake, akaanza tena kuchambua maharage, akasema waliokuwepo walirudi nyumbani kila mmoja na jibu lake, na kwamba wapo mume na mke walioachana kwa ajili ya jibu hilo. Kisha akaniuliza mimi. Nilikuwa nanyonyesha, nikajifanya mtoto amesinzia.

Nilikaa na kesi ile siku nzima. Nilimpa Namsifu, nikamnyang'anya kwa sababu ya kunyamaza kwake. Nikampa Mbonea kwa sababu alisema kweli wakati uongo ulikuwa tayari umepata mbuzi, nikamnyang'anya kwa sababu ya kile kiazi. Nikampa Sekiete kwa kuwa lilikuwa lake, na hapo nilijikasirikia mwenyewe mpaka nikaunguza mboga.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda bombani. Wanawake tisa walikuwa mbele yangu kwenye foleni. Kwa kawaida nikifika husema habari za asubuhi, kisha natazama ndoo yangu mpaka zamu yangu ifike. Siku hiyo maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, na watu walikuwa wamekwisha kuchoka kulalamika. Nikaweka ndoo chini. Nikawasimulia yote, kuanzia tope mpaka uji, na sauti yangu ilitetemeka tu mpaka nilipofika kwa mbuzi. Nilipomaliza, hata aliyekuwa bombani alikuwa ameacha ndoo yake inamwagika. Basi nikawauliza kama ninavyokuuliza wewe unayesoma: jiwe limebaki moja, mama bado ameketi juu yake, mtoto analia, na leo hakuna anayepika mpaka lipate mwenyewe. Je, nani alistahili?